Kipande Kilicholazwa Ubavu

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1996, saa tatu asubuhi, ndugu watano wa tumbo moja waliketi kwenye benchi la hospitali wakisubiri kuchunguzwa utumbo. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa imemwua baba yao, na daktari alisema ugonjwa ule hufuata damu.

Wa pili kwa kuzaliwa alikuwa fundi wa maabara ya hospitali hiyohiyo. Kwa miaka kumi na tisa alizika vipande vya nyama ya wagonjwa ndani ya nta, kisha akavikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Wenzake walimwita Fundi Nta.

“Utumbo una vishimo vidogo,” aliwaeleza nduguze. “Chini ya kila kishimo zimo seli shina. Jirani zake huzipa ishara: gawanyikeni. Seli changa ikipanda juu haiisikii tena ishara; hufanya kazi yake, ikafa. Kwetu sisi, kinachoizima ishara hiyo kimeharibika.”

“Basi tumbo limerithi mdomo wa shangazi,” alisema kitinda mimba. “Halinyamazi!”

Wakacheka hata muuguzi akawakemea.

Kitinda mimba peke yake ndiye aliyekutwa na uvimbe, mdogo kama punje ya mahindi, wenye kishina. Ukakatwa, ukapelekwa maabara. Sheria ya maabara ilikataza mtu kugusa kipande cha nduguye. Fundi Nta alikigusa. Nani angekuwa mwangalifu kumshinda yeye? Lakini badala ya kukisimamisha, alikilaza ubavu, na nta ikaganda. Kisu kikapita juu ya vishimo, kisifike kwenye kishina, mahali panapoonyesha kama seli mbaya zimepenya.

“Fundi, kishina kiko wapi?” aliuliza daktari bingwa, akiinua uso kutoka kwenye hadubini.

Kuyeyusha nta upya kulihitaji kuandika jina la aliyeikata.

“Kipande kimekwisha, daktari.”

Hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa katika droo ya tatu. Daktari aliandika kwamba hakuona seli zilizopenya, na kitinda mimba akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Baada ya miezi kumi na mmoja macho yake yaligeuka manjano. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Ndipo Fundi Nta alipofungua droo, akayeyusha nta, akakisimamisha kipande na kukikata. Seli zilikuwa zimeteremka ndani ya kishina tangu siku ile. Alimpelekea daktari kioo chenye kipande hicho pamoja na barua ya kuacha kazi, kisha akaenda wodini.

“Nilidanganya, mdogo wangu. Kishina kilikuwepo.”

Mgonjwa akageukia ukutani.

“Kaka, kumbe hata wewe ulijua kunyamaza.”

Hakusema naye tena. Alizikwa tarehe 19 Mei 1997.

Walibaki wanne: kaka mkubwa, dada wawili, na Fundi Nta. Watatu kati yao huenda kuchunguzwa kila mwaka, pamoja, kwenye benchi lilelile. Wa nne huenda siku nyingine.