Samaki Aliyekataa Kutoka Kwake

Sijamwambia mtu hili: samaki tuliyemla leo mchana, mimi ndiye niliyemsaliti.

Tangu nimalize shule, kila nikitoka kuchuma majani chai napitia kwa bwawa letu. Kulikuwa na tilapia dume aliyechimba shimo kama sahani pale ukingoni.

Hakuwa akitoka hapo. Samaki mwingine akikaribia, anamfukuza. Hata kidole changu alikigonga!

Nilifurahi sana, nikamwambia kaka yangu Kipngeno.

Hilo ndilo kosa langu.

Leo tulikuwa na wageni wa kanisa. Kipngeno akashusha ndoano tupu, bila hata mnyoo, katikati ya lile shimo. Dume akaiuma ili aitoe kwake.

Basi, akavutwa.

Mezani kaka akaanza kucheka mbele ya wageni: "Huyu alikuwa mjinga! Anaona ndoano na hatoroki!"

Mnanijua, mimi huwa siongei mbele ya wageni. Lakini nilijisikia nikisema, tena kwa sauti, "Si mjinga. Alikuwa kwake."

Mama akaangalia ugali.

"Kumbe Chebet ana mdomo!" Kipngeno akasema. "Basi mlilie na yule dume mwingine. Ameshaingia kwa lile shimo. Kesho ni zamu yake."

Nina hasira. Niambieni, nimekosea?

Kesho kaka atatafuta ndoano yake mpaka achoke. Iko ndani ya kiatu changu cha shule.

Akiwauliza, tafadhali, hamjui kitu.