Sala Niliyoikatiza

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata uji unanishinda kumeza. Lakini nianze mbali kidogo, maana mimi sijui kufika mahali bila kuzunguka.

Nilizaliwa Bugeshi, kule juu kwenye baridi, ambako viazi vinaota hata kati ya mawe. Nyati walikuwa wakishuka kutoka msituni na kutukanyagia shamba. Baba mdogo akagundua kwamba mimi, na udogo wangu wote, nina sauti kuliko mbwa wake wawili. Basi wakanipandisha juu ya jiwe jeusi, wakanipa sufuria iliyotoboka, kazi yangu ikawa kupiga kelele. Nyati wakinisikia wanageuza. Mama akanisifu kwa majirani: "Huyu mutoto, Mungu alimupa koo." Nikakua na hilo kichwani. Shule niliiacha darasa la tatu, hesabu ilinishinda, lakini koo lilikuwepo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Bon, basi. Koo hilo ndilo lililonishusha Gisenyi, mjini kando ya ziwa. Wavuvi wa Kivu wanapiga kasia kwa wimbo. Wakikosa mwimbishaji, kila mtu anavuta kivyake, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja inazunguka tu mahali pamoja. Nikapata kazi ya kuimbisha. Na kutoka mtumbwini, koo likaniingiza kanisani.

Kanisa letu la Anglikana wakati ule lilikuwa nyumba ya mbao karibu na ufuko. Mchungaji alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine tulikuwa mikononi mwa katekista, Mzee Zakaria, mtu aliyefanya kazi Tanzania miaka mingi akarudi na Kiswahili safi na kitabu cha sala chenye jalada jeusi lililobabuka kwa moshi. Kwa kuwa ufukweni tulikuwa watu wa kila upande, wengine wa Goma ng'ambo ya mpaka, wengine wa hapa, alitusomea kwa Kiswahili hicho. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Sala za asubuhi, za jioni, za mgonjwa, za msafiri, za kuzika. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

Sisi vijana tuliookoka, watu wa uamsho, tulimcheka. Sisi tulisali kwa kufumba macho na kutetemeka, kila siku maneno mapya, na mbele ya wote nilikuwa mimi. Siku moja tukiwa tunaanika nyavu za sambaza, dagaa wetu wa Kivu, nikamwambia, wenzangu wakisikia:

"Muzee, sisi tunamuletea Mungu sambaza mbichi. We unamuletea samaki ya mukebe!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha wavu kwenye mchanga. Mzee Zakaria akafunga kitabu, akakitia kwapani.

"Na siku ziwa likichafuka, kijana wangu," akasema, "utakula nini?"

Nikaona hajanijibu kitu.

Sasa, palikuwa na fundi wa nyavu, mtu wa maneno machache, ambaye wote tulimwita Baba Daudi. Jina lake lingine silijui mpaka leo. Daudi alikuwa mwanawe wa pekee, miaka kumi na tisa, mpiga kasia. Jioni moja upepo uliteremka vibaya na wavuvi wengi wakakataa kutoka. Mtumbwi mmoja tu ulikwenda, bila kufungwa na mingine, na Daudi alikuwemo. Ulipinduka. Wenzake walishikilia mbao wakaokolewa asubuhi. Daudi hakuonekana.

Baba yake alikaa ufukweni siku nne. Mimi nilikaa naye, maana nilijulikana kuwa mtu wa maombi, na kusema kweli nilipenda kuonekana hapo. Siku ya tatu akaniambia bila kunitazama:

"Matayo, mi ndiye nilimutuma. Alirudi nyumbani akasema upepo ni mubaya. Nikamwambia mwanaume mwenye kuogopa upepo avae kitenge, akae na mama yake. Mama hajue. Uniombee, lakini hii neno ibakie kwako."

"Itabakia, baba," nikasema.

Siku ya nne ziwa likamrudisha. Sitakueleza alivyokuwa. Wiki ile watu wengi wa ufukweni hawakula samaki.

Tulimzika mchana uleule, kilimani, kwenye udongo mweusi, mvua ikinyesha. Mzee Zakaria akafungua kitabu akaanza kusoma. Nami nikaanza kuwaka ndani. Nilijiambia: huyu ni Daudi, mtoto wetu, tutamzikaje kwa maneno yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwahi hata kuiona Kivu? Tena jina lake linatajwa mara moja tu, pale palipoachwa nafasi ya kutaja jina la yeyote. Nikainua mkono.

"Muzee, nipe nafasi. Roho ananisukuma."

Mzee akaacha kidole kati ya kurasa, akarudi nyuma hatua moja.

Nikasali. Mwanangu, nilisali! Wanawake walilia, na kadiri walivyolia ndivyo koo lilivyofunguka. Nilimaliza mbingu, nikamaliza malaika, nikamaliza mawimbi na dhoruba, na bado walikuwa wanalia wakitaka zaidi, nami sikuwa na kitu kingine ndani isipokuwa lile moja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa hata. Niliruka kwa miguu miwili.

"Baba wa mbinguni," nikasema, "umusamehe muzazi huyu aliyemusukuma mutoto wake kwenye maji, aliyemwambia avae kitenge..."

Nikasikia mvua. Hapo ndipo nikajua kwamba watu wamenyamaza.

"Baba Daudi," alisema Mama Daudi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Ni weye ulimutuma?"

Baba Daudi alikuwa ameshika beleshi. Akatazama udongo ulioganda kwenye bati lake. Mtu nyuma akamwita Mungu wake, "Mana yanjye!" Mjomba wa Daudi, jitu la kubeba magunia kule soko la Mbugangari, akasogea mbele, na ngumi nikaiona.

Mzee Zakaria akafungua kitabu. Lakini hakufungua pale kidole chake kilipokuwa. Alirudisha kurasa nyuma, nyuma kabisa, hadi kwenye maungamo yale ya kila Jumapili, ambayo wala hayamo katika maziko. Akapiga magoti kwenye tope, yeye mwenye magoti mabovu, akaanza kuyasema kwa sauti. Na maungamo yale, unajua, hayasomwi na mtu mmoja. Yakianza, wote mnapiga magoti, wote mnasema. Mwili ulikuwa umezoea. Kilima kizima kikashuka.

Hayasemi yule. Hayasemi fulani wa fulani. Yanasema sisi. Sisi tumepotea, sisi hatukufanya tuliyopaswa, sisi. Mjomba akasema sisi, ngumi ikafunguka kwa sababu alihitaji mkono wa kujiegemeza. Mama Daudi akasema, paji la uso likiwa ardhini, maneno yake yakichelewa nyuma ya yetu. Na Baba Daudi, aliposikia watu wote wanachukua kosa kana kwamba ni lao, magoti yake yakakunjika, midomo ikasogea. Alikuwa anayajua kwa moyo. Alikuwa ameyasema maisha yake yote bila kujua yamewekwa kwa ajili ya siku ile.

Sijui nani aliyaandika. Alikufa zamani, na Kivu hakuiona, kweli. Lakini aliacha humo nafasi ya mtu mwenye beleshi mkononi. Mimi niliyemjua mtu huyo, niliyekaa naye siku nne, sikumwachia hata nafasi ya kusimama.

Tulipomaliza, Mzee Zakaria akarudi pale alipoachia kidole, akasoma hadi mwisho, tukafukia.

Wakati wa kushuka alitembea kando yangu. Nilingoja anigombeze.

"Mathayo, Mungu alikuwa hajui?"

"Alijua, Muzee."

"Basi ulikuwa unamwambia nani?"

Afadhali angenipiga.

Mwanangu, nasaha yangu nakupa hapa, kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe hauna cha kukupa. Ukiwa peke yako, sali kwa maneno yako, hata yakitoka yamevunjika, Mungu anayaunganisha. Lakini mbele ya msiba wa mtu mwingine, azima maneno ya zamani. Usiyadharau kwa kuwa yameandikwa. Yamepita katika vinywa vingi mpaka ncha zake zimelika, hayamkati mtu. Yasome polepole, asubuhi na jioni, hata siku ambayo huyasikii moyoni. Yajifunze ungali mzima, maana mtu hajifunzi kuogelea akiwa amekwisha zama. Na siri uliyopewa, ifie kwako. Mwombee mwenye siri, funga mlango, na hata humo ndani sema taratibu.

Mungu akuoneshe kosa lako kabla halijatoka mdomoni. Akupe watu wa kupiga magoti nawe siku utakayoshindwa kusimama. Uzikwe na wanao, usiwazike wewe.

Haya. Mwisho ni huu.

Jumapili iliyofuata Baba Daudi alikuja kanisani. Alikuja peke yake. Mama Daudi alikuwa amerudi kwa ndugu zake Cyanzarwe. Akakaa benchi la karibu na mlango, kofia juu ya magoti. Tukasema maungamo, na nilimsikia, alisema yote. Nadhani alikuja kwa ajili ya ukurasa ule tu.

Sasa sisi wa uamsho tulikuwa na desturi: sala zikiisha, mwenye kosa anasimama mbele ya ndugu anasema dhambi yake wazi, kusudi awe huru. Nami wiki nzima sikuwa nimelala vizuri. Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimemukosea Baba Daudi. Aliniambia kwa siri kwamba yeye ndiye..."

Nilitaka kulisema lote, lisibaki hata kidogo. Koo lilikuwa limefunguka tena. Wanawake wawili walikuwa wameanza kulia.

Benchi likalia. Baba Daudi alikuwa amesimama.

"Matayo," akasema, bila hasira yoyote, "hata sasa ungali unasema."

Akavaa kofia. Mzee Zakaria akamwita, "Baba Daudi, ngoja, tuna sala moja imebaki," akafungua kitabu haraka mpaka ukurasa ukachanika. Lakini alikuwa amekwisha inama chini ya mlango. Tulitoka tukamwona akishika njia ya mpakani, hakukimbia, mikono mitupu, mgongo ukipungua kati ya watu waliotoka makanisa mengine. Hatukumwona tena.