Mzani wa Karani wa Masjala

Karani wa masjala hupimia mizigo yake kwenye mzani wa unga wa mkewe. Safari ya milimani ni ya siku tano, na huu ni mwezi wa tatu wa kuipanga. Hulamba kidole kabla ya kufunua daftari, kama afanyavyo kazini, kisha husoma kwa sauti ileile ya kuitia majalada: "Soksi, jozi tatu. Chupi, mbili."

"Mbili kwa siku tano, baba watoto?"

"Moja inavaliwa, nyingine inapumzika."

Mswaki ameukata mpini, taulo amelipasua nusu. Vifuko vya majani ya chai amevinyofoa nyuzi kimoja kimoja, akazipima zote pamoja, na mshale haukujali. Hakukata tamaa.

Mkewe alishasema tangu mwanzo: pasipo chai ya moto alfajiri, kabla hajatia mguu nje ya hema, yeye haendi; karani na aandamane na mzani wake. Siku ya kufunga mabegi aliitafuta chupa yake ya chai, ile kubwa ya chuma, asiione kabatini. Akajua imepitiwa na kisu kile kile cha mswaki. Akafungua daftari kutafuta ushahidi wa ugomvi. Kwenye orodha ya mzigo wake haikuwamo. Ilikuwa kwenye mzigo wa mumewe, mstari wa mwisho: "Chupa ya chai ya mama watoto, kilo moja na nusu." Na juu kidogo, kwa rula, karani alikuwa amekata chupi ya pili.