Niliyemwita Bibi Harusi

Kwa miaka mitatu nilikuwa mkalimani wa filamu za Kihindi mjini Tunduma, na sikujua Kihindi hata neno moja. Sioni aibu kulisema. Baba alikuwa na banda la video karibu na maegesho ya malori, lenye televisheni moja, deki moja na mabenchi ya mbao, na kila Jumapili baada ya ibada banda lilijaa kina mama. Mimi nilisimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, nikiwaeleza nani anasema nini. Waliniamini kuliko walivyomwamini mchungaji, nami nilijiamini kuwapita wote.

Siri yangu ilikuwa rangi. Watengenezaji wa filamu zile hawakumvalisha mtu nguo ovyo ovyo. Jambazi alivaa nyeusi hata jua likiwaka. Shati la kijani lilikuwa la kijana wa shamba mwenye moyo safi. Mwanamke aliyevaa nyekundu toka juu mpaka chini nilimpa kazi ya kuvunja ndoa za watu. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengi wao ndio waliokuwa wakiolewa, Mungu anisamehe. Nikishaona rangi, kazi ilikuwa imekwisha. Maneno niliyatunga mwenyewe, tena matamu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa benchi la mwisho. Mumewe alikuwa amefariki, na katika ukoo alikoolewa mjane huvaa nyeusi mpaka wakwe wakutane wamvue rasmi. Wa kuitisha kikao alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliyeishi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukaingia, kimya. Huku nyuma kulikuwa na mnunuzi wa kahawa wa Mlowo, mtu mzima mpole, aliyetaka kumuoa, lakini hakuna anayeposa nguo nyeusi. Shangazi aliogopa kuuliza. Aliona kuuliza ni sawa na kusema amemchoka marehemu. Jambo hilo lilinikera sana, na siku niliyomwambia hivyo alinikemea vibaya.

Jumapili moja tukaweka kanda mpya. Akatokea mwanamke aliyevaa nyeupe tupu. Kwetu nyeupe ni ya harusi ya kanisani. Shangazi mwenyewe alifungia ndoa Mbozi Mission kwa gauni jeupe la kuazima. Basi nikagonga televisheni kwa fimbo: "Bibi harusi huyo! Anamngoja bwana harusi!" Kina mama wakapiga vigelegele. Ikaonyeshwa picha ya mwanamume ukutani, imevishwa shada la maua. "Na bwana harusi ndiye huyo, yuko safarini, tazameni anavyopambwa!" Vigelegele tena. Yule mwanamke alikuwa mshonaji, mashine yake imezungukwa na vitambaa vya wateja vya kila rangi. Nikasema anashona sare za harusi yake.

"Mwanangu," shangazi akasema kutoka nyuma, "huyo si bibi harusi."

Nikamjibu kwa kiburi, "Shangazi, si unaiona nguo?"

"Nguo siijui. Lakini angalia watu wanavyomkwepa njiani. Angalia anavyokula peke yake. Watoto wakimkimbilia, mama zao wanawaita. Huyo ni mjane kama mimi."

Nikatazama vizuri, nikaona ni kweli: kumbe kule kwao nyeupe ndiyo nguo ya wajane, na picha yenye shada ni ya marehemu. Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akaja mbele, akanichukulia fimbo, akaendelea kutafsiri yeye. Naye hakujua Kihindi, lakini hakuna aliyejali. "Anasema amechoka," alisema. "Anasema alimpenda mumewe na bado anampenda, ila yeye hakuzikwa naye." Kina mama waliacha kutafuna karanga. Mwishoni mshonaji akakata kitambaa cha manjano, akajishonea nguo yake mwenyewe, akakatiza nayo sokoni kichwa juu. Kelele zilizopigwa zilikaribia kuangusha banda. Mimi nililia huku nacheka, na furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena kwenye filamu yoyote.

Jumanne shangazi akanichukua tukavuka mpaka. Sokoni Nakonde alichagua kitenge cha manjano, muuzaji akimwita "Mayo", kama wanavyomwita mama kule, na kumsifia mpaka akaona haya. Akajifunga palepale juu ya gauni lake jeusi. Tulimkuta shemeji yake uani anapukuchua mahindi. Alikikazia macho kile kitenge cha manjano juu ya gauni jeusi. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumjibu.

"Shemeji," shangazi akasema, "nimekuja kuomba nivuliwe."

Mzee aliacha gunzi likaanguka. "Kumbe ulikuwa unanisubiri mimi?"

"Sasa nimsubiri nani mwingine?"

"Mimi nilikuwa nakusubiri wewe useme. Niliogopa nikikuita, utadhani nimechoka kumlilia mdogo wangu."

Walitazamana, halafu wakaanza kucheka, watu wazima wawili waliopoteza miaka yote hiyo kwa kuheshimiana. Walicheka mpaka mke wa mzee akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

"Kikao Jumamosi," mzee akamwambia, akijifuta macho kwa mikono yenye vumbi la mahindi. Kisha akamgeukia shangazi. "Na hiyo ya manjano, shemeji, rudi nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani. Watu waione."