Viatu Mlangoni, Ruanda

Mwalimu wetu wa Kiswahili, pale Tunduma nilikosoma masomo ya jioni, alitufundisha kwamba mtu mzima akitaka kitu hatoi machozi, anatoa hoja. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimekunjwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yamekaribia masikio, na neno lile nililishika kuliko Amri Kumi. Ndiyo maana siku nilipoamua kumhamishia mama yangu Ruanda, ule mji mdogo wa kahawa nje ya Tunduma, si ile nchi, nilisimama mbele yake jikoni nikamtolea hoja sabini.

Nilimwambia kwamba Ruanda mgonjwa akishuka tu kwenye gari anasahau alikuwa anaumwa nini. Maharage ya kule yanaiva kabla maji hayajachemka. Ukikohoa mara moja jirani analeta tangawizi, ukikohoa mara mbili analeta mchungaji. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukimbiza karatasi za forodha mpakani, ningekuwa nakwenda asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka hoja ya mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huko malori yanapita?"

Nikamjibu kwamba mtaani hayapiti. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya sabini na moja, na ndiyo pekee ya kweli, na sikuwa nimeitaja.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Miaka tisa kabla ya hapo alivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na shehena ya saruji kwenda Kongo. Lori lilirudi, yeye hakurudi. Dereva mwenzake aliyelirudisha alisema baba aliegesha kando ya barabara, akashuka na kikombe mkononi kutafuta maji ya kunywa, basi. Ndugu zetu wa upande wa Zambia walimtafuta hospitalini, polisi, hata makanisani. Hawakupata mwili wala kaburi, wala kile kikombe.

Tangu hapo, kila siku saa nne asubuhi, mama alikuwa anakwenda kwenye foleni ya malori. Foleni ya Tunduma naijua mimi. Kuna siku mkia wake unakaribia kuingia Mbeya. Alitembea pembeni yake taratibu, akifika kwenye kila kichwa cha lori anainua uso, anamtazama dereva, anasogea kwenye linalofuata. Madereva wakamzoea. Wazambia walimwita bamayo, kama wanavyomwita mama kwa Kibemba, wakawa wanamteremshia maji ya chupa. Jioni nikirudi kazini aliniuliza, "Foleni ilikuwa ndefu leo?" Nilijua anachouliza. Nilimjibu kwamba ilikuwa ndefu, na kwa jibu hilo alijua sijamwona baba, tukala.

Tukahama. Hapa sitii chumvi: Ruanda walitupokea. Kitanda kilikuwa bado kiko kwenye gari, tayari kuna mtu anatuwashia jiko. Kufikia wiki ya tatu mama alikuwa kwenye kahawa ya jirani, wanawake wanamfundisha kuchuma nyekundu na kuiacha ya kijani, naye anachuma ya kijani wanamcheka. Siku moja nilisikia kicheko kutoka shambani nikadhani ni redio. Alikuwa mama. Nilikuwa nimeisahau sauti ile.

Lakini kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, aliendelea kutoa viatu vya baba. Viatu vya ngozi vya kahawia, vikubwa kama mitumbwi. Alivipiga dawa, akaviweka kizingitini, ncha zikitazama ndani, kama vya mtu aliyeingia sasa hivi. Mimi mwenyewe, miaka tisa, kila nilipovikuta pale moyo ulinipasuka: amefika. Kisha nilisimama nje kidogo, nikisikiliza kama kuna mtu anakohoa ndani.

Tunduma hakuna mwenye nafasi ya kutazama viatu vya mwenzake. Ruanda wanatazama.

Jumatatu moja, bombani, jirani yetu wa upande wa juu, mama mmoja muuza maharage, aliniuliza vile viatu ni vya nani, maana mguu wangu mimi ni wa kuku. Ningeweza kumwambia ukweli. Ila ukweli ulikuwa mrefu, ndoo yangu ilikuwa imejaa, nami nilitamani kuwa mtu wa kawaida mwenye baba wa kawaida. Nikamwambia ni vya marehemu baba.

Neno lilitoka kirahisi mno. Yule mama akashika kifua akanipa pole, na mimi, niliyekuwa napewa pole ya baba kwa mara ya kwanza maishani, nikakosa breki. Nilimzika baba palepale bombani kwa ng'ombe watatu. Nikaita kwaya kutoka Zambia. Nikajaza waombolezaji malori mawili mpaka Ibaba, kwenye ukoo wake, nikamjengea kaburi la vigae vya bluu, na mama nikamzimisha, akabebwa na wanawake wanne. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu nimechoka kama mtu anayetoka makaburini na, Mungu anisamehe, nimepata nafuu.

Jambo moja la mji mdogo wenye upendo sikuliweka kwenye zile hoja sabini. Tunduma ukisema umefiwa unapewa pole, mtu anaendelea na safari yake. Huku, kama msiba ulikupita, unakwenda kuhani hata iwe imepita miaka. Hawawezi kuchuma kahawa na mfiwa ambaye hawajakaa naye chini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuja. Mimi naapa walikuwa mia. Mama anasema kumi na wanne. Walikuja na unga, maharage, sukari, mizigo ya kuni kichwani, khanga zimefungwa kiunoni. Wakaingia kwa sauti za chini, wakakaa uani karibu na vile viatu. Mimi nilikuwa sebuleni, nimewaona tangu wakiwa njiani, nikajibanza kando ya dirisha. Mama akatoka jikoni na mikono yenye maji, anatabasamu, akidhani wamekuja kumsalimu tu.

"Pole, dada," alisema muuza maharage. "Utusamehe. Miezi yote hii tunakaa na wewe, hatujui."

"Pole ya nini?"

"Ya mzee. Kijana ametuambia."

Mama hakunitazama. Alitazama viatu. Nikasubiri aseme kwamba hakufa. Neno hilo moja lingetosha: wageni wangebeba kuni zao, mimi ningekuwa mwongo wa Ruanda nzima, na kesho yake mama angepanda gari la kwanza kurudi kwenye foleni. Nilimwona kabisa akitembea, uso umeinuliwa.

"Amewaambia tulimzika wapi?" aliuliza, kama anaulizia habari za mtu wa mbali.

"Ibaba, kwao. Kaburi la vigae vya bluu."

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi sana, dada. Na kwaya ya Zambia."

"Na mimi nilikuwepo?"

Jirani alidhani ni uchungu unamchanganya. Akamshika ule mkono wenye maji. "Ulikuwepo. Ulibebwa na wanawake wanne."

Mama akakaa chini. Hakuanguka, alikaa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa nafasi aliyowekewa siku nyingi. Kisha kilio kikamtoka, na kwa kilio kile sina chumvi ya kuongeza. Wanawake walimshika. Niliwahesabu kutoka dirishani. Walikuwa wanne.

Hakuwaambia ukweli kamwe, mpaka leo. Mimi pia hakunigombeza. Jioni ile, akimimina unga wa rambirambi kwenye ndoo, alisema tu, "Baba yako rangi ya bluu hakuipenda."

Jumapili iliyofuata viatu havikutoka. Viko sandukuni, vimefungwa kwenye khanga. Mama anachuma kahawa, siku hizi nyekundu tupu, na haniulizi tena habari za foleni. Ningepaswa kufurahi, maana hoja yangu imeshinda.

Lakini ikifika saa nne, pale mpakani, najikuta natembea pembeni ya malori na karatasi za watu kwapani. Nafika kwenye kila kichwa cha lori nainua uso. Madereva wa zamani wananiuliza bamayo hajambo. Si kwamba naamini yuko hai. Ninachoogopa ni kwamba siku moja dirisha litashushwa, mtu mwenye kikombe mkononi atanitazama na kuniuliza nani alinipa ruhusa ya kumzika, nami katika hoja zangu zote sina hata moja ya kumpa.

Jioni narudi Ruanda. Majirani wananisalimu njia nzima, kila mlango. Nikifika, kabla sijakaa, natazama kizingiti. Kiko kitupu.

"Foleni ilikuwa ndefu leo," namwambia mama, bila kuulizwa.

"Nawa mikono," anasema. "Ugali unapoa."