Kijani Kilichoonekana Kutoka Angani

Mama yangu alikuwa hajawahi kuiona bahari. Maisha yake yote amelima maharage na tangawizi huko kijijini Chome, na mwisho wa safari zake ulikuwa Same mjini. Mimi ndiye mtoto aliyeteremka mlima, nikaishia Dar es Salaam kwenye kazi ya kusoma picha za bahari zinazopigwa na setilaiti.

Nilipokuja likizo ya Krismasi, tukiwa jikoni tunasubiri makande yaive, aliniuliza, "Hiyo bahari unaipimaje, nawe unashinda ofisini?"

Nikafungua kompyuta. Pwani yetu ikatokea, buluu iliyokolea kwa mbali na kijani karibu na nchi kavu. Nikamweleza kwamba kuna chombo juu kabisa, kinapima rangi na joto la maji.

"Joto? Bila kugusa?"

"Sogeza kiganja karibu na figa, mama. Usiliguse."

Akasogeza, akauondoa mkono haraka. "Linachoma!"

"Basi joto la bahari nalo hupanda hivyo hivyo, likakifikia kile chombo huko juu."

Akautazama mkono wake. Kisha akaonyesha pale penye kijani. "Na hapa?"

"Hiyo ni mimea. Midogo mno, jicho haliioni, lakini ikizidi maji hubadilika rangi. Samaki wanaanzia hapo. Hata hewa tunayovuta, sehemu kubwa imetoka huko."

"Nani anaipalilia?"

"Hakuna."

Alibaki ameinamia picha. Makande yakafurika, moto ukafuka moshi, wala hakuinuka. Mimi picha zile nilishazizoea, nikawa naona tarakimu tu. Siku ile, nikiwa nimekaa kwenye kigoda pembeni yake, nilisisimka mwili.

Pasaka nikampeleka ufukweni. Alikunja kitenge, akaingia mpaka magotini, akachota maji kwa viganja na kuyainua kwenye mwanga.

"Ile mimea imo humu?"

"Imo."

Hakuyamwaga. Aliinama, akayarudisha baharini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akatazama juu.

"Na kile chombo kinatuona?"

"Leo kuna wingu, mama. Wingu likitanda hakioni kitu."

"Basi kesho turudi."

Tulirudi. Anga ilikuwa safi bila wingu hata moja, na mama alisimama majini muda mrefu, uso ameuinua.