Tulivyomngoja Mwamini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza vizuri sana. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali, na mdogo wangu Mwamini alikuwa ameshakaa juu ya baiskeli yake ya miguu mitatu mbele ya nyumba yetu pale Ujiji, kilemba amekikaza kichwani, akitangazia majirani kwamba leo atafika Katonga, kwenye soko la samaki, kwa mikono yake mwenyewe. Nakuambia mapema usije ukakaa unangojea mwisho mwema. Hakufika. Hakufika siku ile wala siku nyingine yoyote, na aliyemzuia ni mimi, niliyempenda kuliko watu wote duniani.

Mwamini alipatwa na homa akiwa bado ananyonya, na ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Alikua akitembea kwa mikono, kandambili kazivaa viganjani, na dunia yake ilikuwa ua wa nyumba yetu: jiko, kisima, mkeka wa kuanikia dagaa. Usidhani alikuwa mnyonge. Ulimi wake ulikuwa mkali, na habari za mtaa mzima alizijua kabla hazijatokea. Lakini alikuwa amekula migebuka tangu utotoni, na hajawahi hata mara moja kuona mahali wanaposhushwa kutoka kwenye mitumbwi.

"Nyie wanawapunja kila siku kwa sababu mna haya," alikuwa akituambia. "Mimi nataka nisimame na muuza samaki uso kwa uso, nimwambie huyu wa jana."

Alisema "nisimame," na hakuna aliyemcheka.

Wakati huo kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, alihamishiwa kwetu kutoka Mbeya, akaja na wazo lake la msafara wa baiskeli kila Jumamosi. Si mashindano. Aje mzee, aje mtoto, aje mama na mwanawe mgongoni, na asiye na baiskeli apakiwe kwenye keria ya mwenzake. Watu walianza kwa kumcheka, kisha wakaja. Mwalimu alipohamishwa tena, kama wanavyohamishwa, msafara akaniachia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Miguu yangu ilikuwa na nguvu kuliko akili yangu, na filimbi niliyoachiwa niliivaa shingoni hata siku zisizokuwa za msafara.

Ndani ya msafara huo alikuwamo Mzee Bukuru, fundi baiskeli wa Buzebazeba, Muha wa kutoka Kasulu, umri wake umeshapita sitini. Yeye ndiye aliyemuundia Mwamini ile baiskeli kutokana na mafremu mawili yaliyochoka. Pedali alizipandisha juu, usawa wa kifua, azizungushe kwa mikono. Vishikio akavizungushia mpira wa tyubu. Breki akaiweka upande wa kulia, ya kubana kwa vidole. Siku Mwamini alipoikalia mara ya kwanza alizunguka mtaa mzima, na alipotoweka kwenye kona mama yetu aliketi chini akalia, kwa sababu hajawahi kumtafuta mtoto wake kwa macho. Sikuzote alijua yuko wapi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa la watu wote wenye nguvu wanaosafiri na wasio nazo.

Sheria yetu ilikuwa kwamba hakuna anayeachwa nyuma. Niliipenda sheria hiyo na nilijisifia. Sisi wepesi tulikuwa tunatangulia, tukifika mahali penye kivuli tunashuka, tunakunywa maji, tunataniana, tunangoja. Wanafika wa katikati, nao wanashuka. Mwisho kabisa anatokea Mwamini, anazungusha, anazungusha, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, na Mzee Bukuru nyuma yake na pampu. Akishafika tu, mimi napuliza filimbi. "Haya, wote tupo! Twende!" Na tunaondoka.

Umeona? Sisi tuliokuwa na nguvu tulipumzika dakika ishirini. Yeye aliyechoka kuliko wote hakupumzika hata moja. Kituo baada ya kituo, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa muda wa miezi miwili. Na usiku nililala nikijiona mtu mwema, kwamba mimi namngoja mdogo wangu.

Misafara ya mwanzo ilikuwa mifupi, akastahimili. Ile ya Katonga ilikuwa ndefu. Toka Ujiji, pita Buzebazeba, panda hadi Mwanga, kisha ule mteremko wa kwenda stesheni, ndipo ufuate ziwa. Tulisimama mara ya kwanza Buzebazeba, karibu na kibanda cha Mzee Bukuru. Mwamini alipofika nilikuwa nimeshaweka filimbi mdomoni. Akanivuta shati.

"Yaya," aliniambia, maana kwetu sisi ambao wazee wetu walitoka Kongo kaka mkubwa huitwa yaya, "mkishapumzika nyie ndipo mimi nafika. Mimi napumzika saa ngapi?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatabasamu, anaficha viganja kwenye khanga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Niliona ananiaibisha mbele ya watu. Nilimwambia, "Si tumekungoja? Samaki hawakungojei. Ukitaka kulala ungebaki nyumbani."

Ungebaki nyumbani. Nilimwambia hivyo mtu aliyebaki nyumbani miaka ishirini na mmoja.

Mwamini, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alishika pedali zake akaanza kuzungusha. Mzee Bukuru alinisogelea taratibu akasema, "Kijana, muache apumue kidogo." Nikamjibu kwamba kama yeye amechoka, kibanda chake ni kile pale. Mzee mzima, aliyeweza kunizaa. Alipanda baiskeli yake akamfuata Mwamini.

Tukapanda Mwanga. Sisi tulifika juu tukashuka, tukakaa ukingoni mwa barabara. Kutoka pale unaliona ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo. Niliwaonyesha watoto mitumbwi. Baadaye sana nikamwona Mwamini anatokea, na nikawaambia watu wapande baiskeli kabisa ili tusipoteze muda. Nadhani alituona. Alituona tumeshakaa vitini, mguu mmoja chini, tunamtazama. Hakusimama. Alitupita bila kugeuza shingo, akaingia mteremko wa stesheni peke yake.

Nilicheka, mwanangu. Nilisema, "Mwoneni, leo ametutangulia!" Watu wakapiga vigelegele.

Breki ilikuwa nzima. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu walisema breki ilikatika, na Mzee Bukuru aliliacha jina lake lichafuke kwa muda bila kujitetea. Breki ilikuwa nzima. Vidole ndivyo vilivyokataa. Mikono iliyozungusha tangu Ujiji bila pumziko ilikufa ganzi, akawa anaibana breki na haibaniki. Nilisikia Mzee Bukuru akipiga kelele nyuma yangu. Nikaona ile baiskeli inaongeza mwendo, inayumba kushoto, inapinduka kwenye mfereji. Kilemba chake kilibaki katikati ya barabara.

Hakufa. Pengine ulidhani nitasema alikufa. Alivunjika mkono wa kulia, kwenye kiwiko. Kwako wewe mkono uliovunjika ni miezi miwili ya bandeji na hadithi ya kuwasimulia rafiki zako. Kwa Mwamini mikono ndiyo ilikuwa miguu. Mfupa uliunga, lakini kiwiko hakikukunjuka tena. Asingeweza kuzungusha pedali. Hata kule kutembea kwake kwa kandambili uani kukawa kwa kuburuta upande. Nilichukua kidogo alichokuwa nacho, na hata kile alichokuwa nacho kabla ya baiskeli nikapunguza.

Watu walikuja kutupa pole. Kila mmoja aliniambia ni mipango ya Mungu, nisijilaumu, nimefanya mengi kwa ajili ya mdogo wangu. Niliyapokea maneno yale kwa mikono miwili. Mzee Bukuru peke yake hakusema hivyo. Aliniita kibandani kwake, akaniwekea mbele vile vishikio vya pedali. Ule mpira wa tyubu ulikuwa mweusi kwa damu iliyokauka, na ngozi ya viganja imegandia humo.

"Hii si ya siku ile tu," alisema. "Iko ya Jumamosi iliyotangulia, iko ya wiki zile. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona, nikanyamaza kwa sababu filimbi ni yako. Nami nina kosa langu. Lakini wewe ulikuwa unamngoja afike. Hukumngoja apumue."

Nilitaka kujitetea. Nilisema, "Mzee, mbona hakuniambia?"

"Ego, ndiyo, alikuambia," akasema. "Hapo hapo nje."

Basi. Alirudi kwenye kazi yake ya kuziba tyubu, nami nikatoka. Tangu siku hiyo filimbi ile sijaipuliza, na msafara ukafa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuupeleka na mimi sikuwa na uso wa kuwaita watu.

Niliitengeneza ile baiskeli, nikaipaka rangi ya kijani, nikamletea uani. Aliitazama, akasema nimpe mtu mwingine. Nilimwambia nitaifunga kamba nimvute kwa baiskeli yangu mpaka Katonga. Nikamwambia basi nitakodi gari. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, kwa upole, nao upole huo ndio ulionimaliza.

"Yaya, mimi nilitaka kufika," alisema. "Sikutaka kufikishwa."

Hakuwahi kunilaumu. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Kila nilipotoka Katonga na migebuka aliipokea, akaisifu, akasema ahsante yaya. Ningependa anitukane. Ulimi wake mkali aliuweka mahali, sijui wapi, na habari za mtaa akaacha kuzifuatilia. Homa ilipomchukua, watu msibani walisema afadhali amepumzika. Nilinyanyuka pale kwenye mkeka nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa peke yangu hadi waliponiita tukazike.

Unajiuliza kwa nini nakusumbua na habari hizi za zamani. Ni kwa sababu ya Jumamosi iliyopita, mwanangu. Mlikuja kunikaribisha katika msafara wenu mpya, na fulana zenu nzuri, mkasema ni wa watu wote, wazee na walemavu na watoto, hakuna anayeachwa nyuma. Maneno yale yale. Nilikuja na magoti yangu mabovu. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Nyuma yangu alikuwa yule mama wa Katubuka mwenye mguu mmoja mfupi, anayeendesha kwa kukanyaga upande mmoja.

Mlitungoja pale njia panda. Yule mama alipofika mlimpigia makofi, mkampiga picha kwa simu, wewe mwenyewe ukapaza sauti, "Wote tupo, twende!" Nilimwona akifungua chupa ya maji. Nilimwona akiifunga tena bila kunywa.

Na mimi nilinyamaza. Ninayajua yote haya, nimeyalilia miaka, na nikanyamaza, eti nisiwaharibie furaha yenu. Ndiyo maana sina imani na nasaha, wala za kwangu. Mtu anaweza kulijua kosa mpaka kwenye mfupa na bado akalitazama likitendeka mbele yake. Ninaandika kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kusema, na huenda utasoma hadi hapa kisha ukaenda kufanya vile vile. Wenye nguvu hatusikii vizuri. Pumzi zetu wenyewe zinatutosha.

Hata hivyo nitalisema. Wa mwisho akifika, msiondoke. Shukeni kabisa, wekeni baiskeli chini, aone kwamba hakuna anayemwangalia kwa haraka. Mapumziko yenu yaanze kuhesabiwa toka alipofika yeye. Neno la kuondoka asiliseme mwenye filimbi, aliseme yeye, na asiposema, kaeni. Soko likifungwa, lifungwe. Na akikuvuta shati akakuuliza jambo huku anatabasamu, usitazame kama watu wanasikia. Tazama viganja vyake.

Mungu akupe afya, mwanangu, akulindie hao unaowaongoza, barabara iwe salama mbele yenu na nyuma yenu. Usiku ukilala, usingizi ukujie upesi. Na nakuombea kuliko yote, kwa moyo huu uliochoka, usije ukawa na mtu wa kumkumbuka kama mimi ninavyomkumbuka Mwamini. Amina.